Jumba la Kabaila, Wapangaji Mia Moja

Mpenzi msomaji, wewe uliyezoea kuamka saa kumi na moja alfajiri ili uwahi bafu kabla baba watoto wa chumba cha tatu hajajifungia humo na ndoo zake mbili, leo nina habari yako. Usije ukadhani kasheshe za kupanga zilianzia Manzese au Buguruni. La hasha! Nimefika mpaka Dublin, mji mkuu wa Ireland, huko majuu tunakodhani kila mtu kazaliwa kwenye jumba lenye bustani, nikakuta nyumba ambayo wapangaji wake wa zamani ungekaa nao kibarazani mkaelewana bila mkalimani.

Nilikwenda kumtembelea dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ambaye anafanya kazi ya kuhudumia wazee kule. Siku yake ya mapumziko ilipofika nikamwambia, dada, nipeleke nikaone majumba ya kifahari, nipige na picha za kuwarusha roho washikaji nyumbani. Akacheka.

"Mdogo wangu, majumba utayaona mpaka uchoke," akasema. "Mimi nakupeleka kwenye nyumba moja tu. Ukitoka hapo hutamsema tena mama mwenye nyumba wako."

Basi tukavaa makoti, maana mvua ya Dublin haina adabu, haipigi hodi wala haiagi, tukatoka.

Kumbe si mbali. Kutoka Mtaa wa O'Connell, ile barabara kuu ya katikati ya mji, ni mwendo wa dakika kama kumi tu kwa miguu. Unapita maduka ya simu, vinyozi na migahawa ya kila taifa, unashika Mtaa wa Bolton, halafu unakata kona. Ghafla kelele zinakatika. Unajikuta kwenye kimtaa kifupi kilichotandikwa mawe badala ya lami, ambacho mwisho wake kimezibwa na jengo la mawe lenye tao, mahali wanaposomea wanasheria. Kulia nyumba, kushoto nyumba, zote ndefu, zote za matofali, zote zimenuna. Huo ndio Mtaa wa Henrietta, na tulikokuwa tunakwenda ni namba 14.

MAJUMBA YALIYOBANANA

Kabla hatujaingia ndani, ngoja nikupe darasa kidogo. Ukisoma mahali wameandika nyumba fulani ni ya Kijojia, usifikiri imetoka Georgia ile ya Marekani, wala ile nyingine ya jirani na Urusi. Ni kwamba Uingereza ilitawaliwa na wafalme wanne mfululizo ambao wote waliitwa George, kuanzia mwaka 1714 hadi 1830. Miaka hiyo Ireland nayo ilikuwa mikononi mwa Waingereza, kwa hiyo nyumba zilizojengwa Dublin zilifuata mtindo uleule wa wakubwa wa London.

Sasa tajiri wa huku kwetu akipata hela ananunua kiwanja, anazungusha ukuta, anaweka geti na mbwa. Tajiri wa Kijojia alikuwa tofauti. Alikubali nyumba yake ibanane na ya jirani kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni. Nyumba zinajengwa kwa safu, ukuta wa pembeni mmoja unatumiwa na nyumba mbili, zote zinatazama mtaa, zote zina uso unaofanana. Ujanja ulikuwa kwenye upana. Uso wa mtaa ni ghali, kwa hiyo jenga kwenda juu na kwenda nyuma. Kwa hesabu hiyo mtaa mfupi tu unameza mabwanyenye wengi, na kila mmoja anaona ana jumba.

Aliyeuchora Mtaa wa Henrietta alikuwa jamaa mmoja mjanja wa mji aitwaye Luke Gardiner, mtu wa benki na wa viwanja. Alianza kuuendeleza miaka ya 1720, akaishi hapohapo mwenyewe, akawauzia na kuwapangishia maaskofu, majaji na malodi. Huu ndio mtaa uliofungua njia, mitaa mingine mingi ya Kijojia ya Dublin iliujia nyuma. Namba 14 yenyewe aliijenga mwishoni mwa miaka ya 1740, pamoja na 13 na 15, zote tatu kwa mpigo mmoja.

Simama nami barabarani uitazame. Kwanza utasema, ah, ndiyo hii? Uso wake ni mkavu. Hakuna nguzo za madoido, hakuna masanamu, hakuna vibaraza vya kuning'inia. Ni matofali, madirisha, na mlango. Kama umezoea milango ya Unguja iliyochongwa mpaka ikachoka, mlango wa hapa utauona kama wa ofisi ya kata. Lakini angalia madirisha, maana ndiyo yanayosema siri za nyumba. Madirisha ya sakafu ya kwanza juu ya mlango ni marefu kuliko yote. Ya juu yake ni mafupi kidogo. Ya juu kabisa ni vijidirisha.

Kwa nini? Kwa sababu nyumba hii ilipanga watu kwa madaraja. Palipo na dirisha refu ndipo palikuwa na vyumba vya kupokelea wageni wazito, mahali pa kucheza dansi, kunywa mvinyo na kupanga siasa. Juu zaidi ndipo walipolala. Juu kabisa, kwenye vijidirisha, waliwekwa watoto na watumishi. Na chini kabisa, chini ya usawa wa barabara, ndiko kulikokuwa na jiko. Mbele ya nyumba kumeachwa shimo refu kama mtaro mpana ili huko chini kupate mwanga, na mgeni wa heshima anavuka juu yake kwa ngazi za mawe kuufikia mlango. Mpishi hapiti hapo. Mpishi anashuka shimoni. Yaani mtu akija tu, miguu yake inakwambia ni nani.

Madirisha yenyewe hayafunguki kwa kusukuma nje kama yetu. Ni fremu mbili za mbao, moja inapanda, nyingine inashuka, na ndani ya mwimo zimefichwa kamba na vyuma vya uzito ili fremu ikae pale ulipoiacha. Vioo ni vidogovidogo vilivyounganishwa kwa vijiti vya mbao, kwani enzi hizo kutengeneza kioo kimoja kikubwa na kinyoofu ilikuwa kazi na gharama.

KABAILA NA FARASI WAKE

Nyumba hii sasa ni makumbusho, na huruhusiwi kuzurura peke yako. Mnakusanyika kikundi, anakuja mtembezaji, mnaongozana naye chumba kwa chumba. Sisi tulikuwa kama watu kumi na wawili. Mimi na dada ndio tuliokuwa weusi, na mimi ndiye niliyekuwa natetemeka kwa baridi.

Mpangilio wa ndani ni rahisi, ukishauona mara moja hutausahau. Kuna ukumbi wa kuingilia, kuna ngazi, halafu kila sakafu ina chumba kikubwa cha mbele kinachotazama mtaa na kingine cha nyuma kinachotazama uani. Nikajikuta nafikiria nyumba yetu ya Kiswahili: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani choo, bafu na jiko. Wao waliisimamisha wima, sisi tuliilaza chini.

Lakini ukubwa, bwana! Vyumba vya sakafu ya kwanza dari lake liko juu mpaka shingo inauma. Juu kuna nakshi za plasta, kuna mbao za ukutani zilizochongwa, na pa kuotea moto panatosha kuchoma mbuzi mzima. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini uso wa nje ni mkavu. Mabwanyenye hawa hela zao walizificha ndani. Wa nje aone matofali, mwalikwa aone maajabu.

Mtu wa kwanza kuishi hapa alikuwa Lodi Richard Molesworth na mkewe Mary. Huyu lodi alikuwa mwanajeshi mwenye historia. Mwaka 1706, kwenye vita ya Ramillies, mkuu wake wa majeshi alianguka kutoka kwenye farasi katikati ya maadui. Molesworth, kijana bado, akashuka kwenye farasi wake mwenyewe akampa mkubwa. Mkubwa akapona. Na unajua mwenyewe, ukishamwokoa mkubwa, maisha yananyooka. Alikuja kuwa kigogo wa jeshi, na uzeeni akahamia humu na mke kijana. Bibi huyo alijifungulia mabinti wawili ndani ya nyumba hii.

Baada yao wakaja wengine wa aina hiyohiyo: jaji mkuu wa serikali, askofu, mbunge. Dublin wakati huo ilikuwa na Bunge lake, na bunge likikaa, mabwana wote wanatoka mashambani kwao na kuja mjini na familia, vyombo, watumishi na magari ya farasi. Majumba kama haya yalikuwepo kwa ajili ya hizo shughuli.

Halafu ukaja mwaka 1800. Ikapitishwa sheria ya kuiunganisha Ireland na Uingereza, na kuanzia tarehe 1 Januari 1801 Bunge la Dublin likafa. Wabunge wakatakiwa kwenda London. Fikiria mwenyewe, serikali ikihama mji na vigogo wote wakaondoka nayo. Fundi cherehani wa suti anabaki anamshonea nani? Dereva anamwendesha nani? Mabwana wakafungasha, majumba yakashuka bei, na Mtaa wa Henrietta ukaanza kuchakaa taratibu.

Namba 14 ikapita mikononi mwa wanasheria. Kati ya mwaka 1850 na 1860 humu ndani kukawa na mahakama maalumu ya kuuza mashamba ya makabaila waliofilisika. Ilikuwa imetoka kupita ile njaa kubwa iliyoanza 1845, ugonjwa ulipooza viazi shambani, watu kama milioni moja wakafa na wengine kama milioni wakakimbia nchi. Makabaila waliokuwa wakila kodi za wakulima nao wakabaki na madeni. Yaani kwenye jumba la kabaila ndiko mali za makabaila zilikopigwa mnada. Dunia hii! Baadaye wakakaa wanajeshi. Kisha akaja mwenye nyumba.

DALALI WA MWAKA 1877

Jina lake Thomas Vance. Aliinunua nyumba, akaikata vipande, akapata makazi 19, mengine ya chumba kimoja, mengine vyumba vitatu au vinne. Ile ngazi kubwa ya heshima, iliyojengwa ili mwanamke mwenye gauni pana ashuke watu wamtazame, akaing'oa. Ilikuwa inakula nafasi, na nafasi ni kodi.

Kisha likatoka tangazo gazetini mwaka 1877. Mtembezaji alipotueleza yaliyokuwemo, nilishindwa kujizuia nikacheka kwa sauti. Eti nyumba inafaa kwa familia zenye heshima, imepakwa rangi upya, ina karatasi mpya za ukutani, gesi ipo, choo kipo kwenye kila kituo cha ngazi, maji ya bomba kutoka mto Vartry yapo, uwanja wa kuanikia nguo upo, na kila mpangaji ana jiko lake lenye oveni. Nikamnong'oneza dada, huyu si ni dalali wa Sinza kabisa? "Maji ndani, umeme upo, fensi ipo, wahi wewe tu." Amekosekana yule wa kudai hela ya kukuonyesha nyumba.

Na kusema kweli, siku ile ya tangazo pengine hapakuwa pabaya. Tatizo la nyumba ya vyumba vya kupanga liko kwenye kesho yake. Kodi inapanda, mishahara haipandi. Aliyekuwa na vyumba vitatu anabaki na viwili, kile cha tatu anampangisha mwingine. Chumba cha dansi kinakatwa katikati kwa mbao. Mwenye nyumba anaona paa linavuja, anahesabu gharama, anaona bora livuje.

Mwaka 1911 serikali ilipohesabu watu, ndani ya namba 14 walikutwa watu 100. Mtaa mzima, huu mfupi unaoweza kuumaliza kabla wimbo mmoja haujaisha, ulikuwa na watu zaidi ya 850. Hebu rudi kwenye vile vyumba ukipiga hesabu. Pale aliposimama lodi na glasi ya mvinyo, sasa kuna kitanda cha baba na mama, magodoro ya watoto sakafuni, kamba ya nguo, ndoo ya maji safi, na ndoo ile nyingine ambayo siitaji, maana usiku nani atashuka ngazi zote hizo gizani? Na juu ya vichwa vyao, nakshi za plasta zimewatazama tu, zimekatwa katikati na ukuta wa mbao.

Hao hawakuwa wazembe. Walikuwa watu wa kazi: washonaji, wafunga vitabu, vibarua, wanawake wa kufua nguo za watu. Kifua kikuu kiliwamaliza, maana mmoja akikohoa, nyumba nzima inavuta pumzi hiyohiyo. Na mambo hayakuwa ya mtaa huu peke yake. Tarehe 2 Septemba 1913, nyumba mbili za aina hii kwenye Mtaa wa Church, jirani tu na hapo, ziliporomoka na wapangaji wao wakiwa ndani. Wakafa watu saba. Serikali ikaunda tume, na tume ikakuta familia zipatazo 20,000 za Dublin zinaishi chumba kimoja kimoja.

Soma tena hiyo namba. Ni familia, siyo watu.

NYEKUNDU NA BLUU

Sasa nikupeleke kwenye ngazi, maana ndipo nilipobaki nimesimama wenzangu wakatangulia.

Ni ile ngazi ya nyuma, ya watumishi, ambayo wapangaji wote waliitumia baada ya ile kubwa kung'olewa. Mbao zake zimelika katikati kwa nyayo. Kuta zake zina rangi mbili, chini nyekundu ya udongo, juu bluu. Bluu ileile! Bluu ya kufulia, ile aliyokuwa akiitia bibi kwenye maji ya mwisho ili mashuka meupe yang'ae. Kule nayo wafuaji waliijua, na kwa kuwa ni rahisi ikachanganywa na chokaa kupakia kuta za nyumba za kupanga. Mvumbuzi wa bluu hii hakufikiria makumbusho, alifikiria mashuka. Lakini pale ukutani, imebabuka, imechubuka kwa mabega ya waliopishana na ndoo, ina mikwaruzo ya vitanda vilivyopandishwa na majeneza yaliyoteremshwa.

Kilichonishangaza ni hiki. Watu wa mji walipoamua kuitengeneza nyumba hii, wangeweza kuikwangua rangi hiyo yote, wakairudisha ngazi ya lodi, wakapaka dhahabu na kuweka viti vya kitajiri. Nyumba nyingi za kale hutengenezwa hivyo, historia inasimama siku tajiri alipohama. Hapa hawakufanya hivyo. Wamezuia kuta zisianguke, wameimarisha sakafu, wakaacha makovu. Kuna chumba unaona nakshi ya lodi, karatasi ya ukutani ya mpangaji juu yake, na alama ya ukuta wa mbao uliokuwepo, vyote pamoja. Halafu kuna vyumba wamevipanga upya kama wapangaji walivyoviacha: meza yenye kitambaa, picha za watakatifu, kapeti la plastiki sakafuni, birika jikoni. Nilihisi kama nikigeuka nitamkuta mama wa watu ananiuliza nimetumwa na nani.

Wapangaji wa mwisho waliondoka mwishoni mwa miaka ya 1970. Wengi walihamishiwa nyumba mpya za mji pembezoni, walikopata choo cha ndani na mlango wao wenyewe. Hakuna aliyelilia ndoo. Lakini wengi walilia majirani.

Nyumba ikabaki tupu, inaliwa na mvua. Na usifikiri watu wote walitaka iokolewe. Ireland ilijitawala mwaka 1922, na wapo waliosema majumba haya ni kazi ya mkoloni, bora yabomolewe yasahaulike. Miaka ya 1960 shirika la umeme la nchi hiyo lilibomoa nyumba 16 za Kijojia kwa mpigo kwenye Mtaa wa Fitzwilliam ili lijenge ofisi. Halmashauri ya Jiji la Dublin ilipoichukua namba 14, kazi ya kuiokoa ilichukua miaka kama kumi, na milango ya makumbusho ikafunguliwa Septemba 2018.

Nadhani jibu la wale wa "kazi ya mkoloni" liko kwenye bluu ile. Nyumba ilijengwa na kabaila, sawa. Alikaa miaka yake michache akaondoka. Wapangaji walikaa miaka mia moja. Sasa mwenyewe ni nani?

BARUA KWENYE MKOBA

Tulipotoka mvua ilikuwa imekatika. Dada akasema tukae kidogo. Tukakaa kwenye ngazi za mawe, kabaila mmoja huku na mwingine huku. Nikaanza maneno yangu, nikamwambia, dada, wenzetu wameteseka lakini sasa wamemaliza, ona mji ulivyo bomba.

Akafungua mkoba akanipa barua.

Ilitoka kwa mwenye nyumba wake. Anaishi kwenye nyumba moja na wanawake wengine wanne, kila mtu chumba chake, jiko moja, na ndani ya friji kila pakiti ya maziwa imeandikwa jina. Nililala sebuleni kwao siku tatu bila kujua chochote. Barua inasema mwenye nyumba anauza, watafute pa kwenda. Ndiyo tabu ya Dublin siku hizi: nyumba hazitoshi, kodi imepaa, na kikitangazwa chumba kimoja foleni ya wanaokuja kukiangalia inafika barabarani.

"Nimekwenda kuona vyumba sita," akasema. "Kwenye kimoja tulikuwa wengi mpaka nikadhani kuna msiba. Wananiuliza mshahara, wananiuliza nina wageni wangapi. Nikitaja jina langu kwenye simu, wengine wanasema kimeshachukuliwa."

Sikuwa na la kusema. Nikamwambia pole dada. Akakaa kimya, halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea.

"Mdogo wangu, unajua kina kaka wanataka nyumba ya mama ya Ilala iuzwe?"

Najua. Ukoo mzima unajua. Ni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, mama mkubwa anakaa viwili, vinne vina wapangaji. Kuna mtu amekuja na hela, anataka kubomoa aweke ghorofa. Ndugu wamegawanyika, na nilikuwa nimesikia kwamba dada ndiye anayesukuma zaidi iuzwe, kwa kuwa fungu lake lingemsaidia kule.

"Nilishawaambia ndiyo," akasema. "Halafu nikaletewa hii barua. Ndiyo maana nilikuja hapa wiki iliyopita peke yangu. Yule mama wa chumba cha nyuma pale kwa mama, ana miaka kumi na minane. Mimi kanilea. Atakwenda wapi?"

Nikamuuliza, kwa hiyo utawaambia msiuze?

Akaikunja barua akairudisha mkobani. "Na mimi nitakwenda wapi?" akasema.

Mpenzi msomaji, ningependa nikupe jibu, lakini dada hakunipa. Alisema atampigia simu mama mkubwa Jumapili, mwenyewe kwa mwenyewe, kaka zake wakiwa hawapo. Kisha akainuka, akajikung'uta sketi, tukarudi zetu mjini kula chipsi, ambazo kule wanazimwagia siki na wanakuuzia kwa bei ya kuku mzima.

Mimi nimerudi. Ile alfajiri ya kwanza niliamka saa kumi na moja, nikachukua ndoo, nikakuta baba watoto wa chumba cha tatu kashaniwahi, anaimba bafuni. Nikasimama koridoni nasubiri. Na wewe ukisimama leo kwenye korido yako, upapase ukuta. Kuna rangi ngapi chini ya hiyo unayoiona? Nani walipita na ndoo zao kabla yako? Kama babu yako ameacha nyumba ya vyumba sita, na kuna mtu kaja na hela, sikwambii uuze wala usiuze. Nakwambia tu kabla hamjakaa kikao, piga hodi vile vyumba vinne, uwaulize waliomo majina yao.

Tukutane wiki ijayo, nikijaliwa kuliwahi bafu.